Mchuzi wa Spageti

Harufu ya nyanya zinazoanza kushika chini ya sufuria hunirudisha Kitengela, kwa jiko letu la makaa. Jirani yetu Msomali alikuwa amemfundisha mama mchuzi wa spageti: nyanya, vitunguu na binzari kidogo tu. Siku hiyo mama alinipa mwiko.

"Koroga. Usiache mpaka nikuambie uepue."

Mara akashika tumbo lake kubwa, akakaa chini sakafuni. Jirani akaja mbio, watu wakambeba mpaka kwa pikapu.

"Wewe baki na nyumba," jirani akaniambia.

"Mama, niepue?" niliita kutoka mlangoni.

Pikapu ikaondoka. Nikarudi kukoroga. Nyanya zilikauka, zikawa nyeusi, mwiko ukakwama. Sikuepua. Mama hakuwa amesema.