Magadi Ndani ya Betri

Binti yangu wa mwisho ana kisukari cha sindano. Anauza vitenge kwenye magulio, leo Hedaru, kesho Makanya, keshokutwa Bendera, na siku tatu kwa wiki hulala ndani ya haisi kuukuu aliyoing'oa viti akaweka kitanda. Humo kuna friji ndogo. Friji hiyo haikuwekwa kwa ajili ya soda. Ni ya insulini yake, maana joto la huku chini Same huiharibu dawa ndani ya kichupa, nawe ukiitazama huoni kilichobadilika. Friji inakula umeme wa betri, betri inalishwa na paneli ya sola iliyo juu ya gari. Betri ikifa, dawa inaharibika. Yanayofuata sitaki kuyaandika.

Betri hiyo niliichagua mimi. Fundi alituwekea mbili mezani. Moja nzito, nyeusi, ina vifuniko sita vya kuongezea maji. Nyingine nyepesi, lithiamu, imezibwa pande zote. Binti alitaka iliyozibwa.

"Mama, hii itadumu."

"Kitu kisichofunguka utajuaje kama kinaumwa?" nikamwambia. Tukachukua ya maji.

Kabla hatujaondoka fundi akatuonya tusitumie zaidi ya nusu ya umeme uliomo. Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia, baba, ungeniuzia ndoo ya maziwa halafu ukanikataza nusu ya chini, ningekuitia mjumbe.

Akacheka. "Bibi, kwenu mlimani si kuna ndiva?"

Ipo, bwawa letu la udongo la kumwagilia mashamba.

"Huwa mnaikausha mpaka chini?"

Ndiva ikikauka, udongo hupasuka, na siku ukiijaza inavuja. Fundi alikuwa amenishika pabaya.

Kuitunza betri ikawa kazi yangu kila gari likiwa nyumbani. Niliimwagia maji ya betri ya dukani, si ya bomba, maana maji yetu ya bomba yana chumvi mpaka birika linaota ukoko. Nilifunga vifuniko, nikafuta vumbi. Ilikwenda vizuri miezi kadhaa, mpaka vichwa vyake, pale nyaya zinapofungwa, vikaota unga wa kijani. Nikamwita fundi. Akaniuliza kama nina magadi.

Mpare kuulizwa magadi! Makande utayalainisha kwa nini? Nikampa. Akaziba vifuniko vyote, akayakoroga magadi kwenye maji, akasugua vile vichwa kwa mswaki. Vikatoa povu, vikatakata.

"Ule unga ni wa asidi iliyovuja, bibi. Magadi huituliza."

Hilo neno asidi ndilo lililoniponza. Mimi nina kiungulia cha miaka, na muuguzi aliwahi kuniambia, "Bibi, una asidi nyingi tumboni." Nikikoroga magadi kidogo kwenye maji nikanywa, natulia. Kwangu mambo yakakaa sawa: asidi ni asidi.

Wiki iliyofuata binti alirudi kutoka gulioni, na mchana kweupe taa ya kontrola, kile kisanduku kinachopokea umeme wa paneli, ikawa nyekundu, friji ikazima. Kesho yake alikuwa na safari ya Bendera. Yeye yuko bafuni anaoga, mimi nikaona tumbo la betri limechafuka. Nikafungua vifuniko vyote sita. Kijiko kimoja cha magadi kila tundu.

Mungu wangu! Ilichemka bila moto. Povu lilipanda kama dengelua, pombe yetu ya miwa, kwenye kibuyu, likamwagika juu ya zulia, likanirukia kanga. Nikaona kanga inatoboka mbele ya macho yangu, tundu baada ya tundu. Nimezaa watoto saba sikupiga yowe. Siku hiyo nilipiga.

Binti akatoka mbio na sabuni masikioni. "Umeweka nini?"

"Magadi."

"Ndani?"

"Kijiko kimoja kimoja."

"Mama! Umeipikia makande!"

Hakucheka. Alifungua friji, akatoa vichupa vyake, akavishika kwa mikono miwili kama vifaranga.

Fundi alikuja, akatoa shikamoo yake kwa upole mno, kama ya msibani. Akanyonya maji ya betri kwa kipimo cha kioo chenye kielea ndani. Kielea kililala chini, hakikuinuka.

"Tumboni mwako asidi ni adui, bibi. Huku asidi ndiyo betri yenyewe. Umeitoa roho."

"Lakini ilikuwa inaumwa! Taa ilikuwa nyekundu."

Akapanda juu ya gari, akafuta paneli kwa kitambaa, akanionyesha. Kitambaa chote vumbi jekundu la barabara ya magulio.

"Haikuumwa. Ilikuwa na njaa."

Nilikaa chini pale pale. Kumbe nimeua kizima.

Bendera tulikwenda. Nilichukua mtungi, nikaujaza mchanga, nikauloweka, vichupa nikavifunga kwenye mfuko nikavizika katikati. Nikaukumbatia kwa magoti njia nzima, nikiunyunyizia maji. Tulipofika Hedaru nikasema, "Nimekosea." Binti nusura atutoe barabarani. Hajawahi kulisikia neno hilo kwangu.

Dawa ilifika baridi.

Betri mpya aliichagua yeye. Fundi alipoifunga niliizunguka kwa macho, nikauliza vifuniko viko wapi.

"Hii haina mdomo, bibi."

"Ndiyo maana nimeipenda," binti akadakia, wakacheka wote wawili mbele yangu.

Siku hizi gari likiingia tu uani, kabla sijaitikia shikamoo ya mtu, natafuta ngazi na kitambaa.