Mtani Wangu Aliponiita Ndugu

Mie Mnyamwezi wa Mabibo, yeye Mzaramo wa Chanika. Miaka ishirini tulipiga magitaa mawili, tukaimba sauti mbili, mie ya kwanza yeye ya pili, tukatukanana bila kupumzika. Sie ni watani, tumeurithi utani kwa babu zetu, na kwenye utani hakuna ruhusa ya kununa.

Mie nikanuna. Kwenye msiba wa baba yangu, mwenzangu alifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa. Alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akapita katikati ya wafiwa akichechemea vilevile kama mzee wangu, akifoka kwamba chai haina sukari. Watu walicheka huku wanalia. Nikamvua lile koti mbele ya kadamnasi na kumfukuza. Jamani, mtani kufukuzwa msibani! Shangazi zangu wananisema mpaka leo.

Tukakaa miaka saba bila kuimba. Binti yangu, ambaye kazi yake ni kurekodi video za harusi, ndiye aliyetukutanisha tena kwa simu: onyesho la mchana, bustanini Temeke, kamera tatu, mbili za kuazima.

"Baba, lakini umwombe radhi."

Nikasema sawa. Sikusema lini.

Akaja na kanzu nyeupe, gitaa begani, akanipa mkono. "Habari za siku nyingi, ndugu yangu?"

Ndugu! Mtani akikuita ndugu, jua ameshakufuta kwenye utani. Niliumia, sifichi.

Tulipoanza, sauti zilikubaliana zenyewe, kana kwamba hazikuwahi kugombana. Balaa lilikuwa kati ya wimbo na wimbo: jamaa alishika maiki akawa ananisifu. Eti mie fundi, eti mie muungwana. Nikamchokoza makusudi.

"Mnamwona huyu? Kauza shamba Chanika ili acheze ngoma!"

Bustani nzima ikacheka. Yeye akainamisha kichwa kwa adabu. "Ni kweli, ndugu yangu. Tuna upungufu."

Loo! Nikamtupia matusi yote ya ukoo wake niliyoyajua, akayapokea kwa heshima moja baada ya jingine. Nikaishiwa. Ikabaki ile kauli niliyokuwa naikwepa.

"Siku ya msiba nilikosa," nikasema kwenye maiki. "Ilikuwa haki yako. Nisamehe."

Kisha akaweka gitaa chini, akang'oa stendi ya maiki akaishika kama fimbo, akapinda mgongo, akaja kwangu akichechemea. Baba yangu mtupu, hata ule mguu wa kushoto.

"We Mnyamwezi mpagazi!" akafoka. "Miaka saba umebeba huo mzigo, nani kakutuma?"

Video ipo. Kwenye wimbo wa mwisho inasikika sauti ya pili peke yake, ya kwanza haipo, maana mwenye nayo alikuwa anacheka huku analia. Binti yangu alitaka kuukata huo wimbo. Nimemkataza.