Vile Vidonge vya Kahawia

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia sokoni Merigi. Na bado nimekasirika.

Mimi na Mama Cherono tulikubaliana watoto watatu wanatosha, akaanza vidonge vya kupanga uzazi. Sasa kila pakiti ikiisha, nakuta vile vya kahawia vya mwisho vimetupwa kwa takataka. Vyote! Halafu nikagundua hata damu ya mwezi haoni tena. Nikajua basi, mtoto wa nne yuko njiani na mimi nimefanywa mjinga kwangu nyumbani.

Sikumuuliza. Nilivifunga kwa leso, nikaacha majani chai bila kuchumwa, nikaingia dispensari na gambuti zenye matope. Nikapita foleni yote ya akina mama, nikavimwaga mezani.

"Sista! Hii ndiyo kazi mnafundisha bibi yangu?"

Sista hata hakushtuka. "Baba Cherono, hivi havina dawa ya kuzuia mimba. Vyenye dawa anameza vyote. Tulimwambia aruke hivi, aanze pakiti mpya mara moja, ndiyo hedhi isikuje. Ilikuwa inammaliza damu. Presha tunampima, na sasa ana nguvu. Kwani hakukuambia?"

Nikapiga meza. "Hajawahi kuniambia kitu! Mimi ni mtu wa kufichwa?"

Nyuma yangu, katikati ya ile foleni niliyoipita, sauti ninayoijua sana ikajibu: "Sista, nilimwambia damu inanimaliza, ile siku nilianguka kwa majani chai. Akasema ni uvivu."