Nywele ya Viking, Upande Mmoja

Leo mteja ametoka kwangu akiwa amenyolewa upande mmoja tu, na ni mimi nilizima mashine.

Kijana mcheshi. Alikuja hapa kinyozi Ndhiwa na picha ya Viking, wale mabaharia wa kale wa Ulaya, kwa simu. Pande zinyolewe, juu ibaki ndefu.

"Hao watu walikuwa wasafi, boss. Kila mtu na kitana chake!"

Tukacheka. Nikamaliza kushoto.

Simu yake ikalia. Ni nyumbani, Muhuru Bay. Babake amefariki.

"Boss, nyoa yote."

Nikakataa. Kwetu tunanyoa tukishazika, si kabla. Nyinyi mngefanya nini?

Nikampa kofia yangu. Akajiangalia kwa kioo.

"Mzee alisema hataki kuniona na hii nywele."