Ufa wa Moto

Kwa miaka minne niliosha vyombo vya sake katika mkahawa wa Kijapani hapa Dubai. Sake ni pombe ya mchele, nami situmii pombe, lakini vyombo vyake nilivipenda tangu siku ya kwanza. Kila seti ilikuwa na chupa ndogo ya udongo yenye shingo nyembamba na vikombe viwili vya kutosha mafunda matatu. Havikupakwa rangi. Mzee mmoja huko Japani alivifinyanga kwa mkono, akavichoma kwa kuni siku nyingi mfululizo, na majivu yakavirukia na kuviachia madoa ya hudhurungi, kila kimoja kivyake.

Madam, meneja wetu, alinipa mimi kazi ya kuviosha kwa sababu sikuwahi kuvunja kitu. Hakujua kwamba mama yangu ni mfinyanzi. Nimekulia mtoni, magharibi mwa Kenya, nikibeba udongo kichwani na kutwanga vigae vya kuchanganya nao. Kabla ya kwenda sokoni Mama alikuwa akigonga kila chungu kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia. Chenye ufa kinakohoa.

Asubuhi moja, kabla hatujafungua, chupa ya seti mpya ilikutwa imevujisha maji kwenye rafu. Madam aliniita.

"Umeiangusha."

"Hapana, madam. Huu ufa ilitoka nao kwenye tanuri. Angalia ndani yake, majivu yameingia, umekuwa mweusi. Ingekuwa imeanguka hapa, ungeona udongo safi."

Alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. "Na wewe umesomea wapi ufinyanzi wa Kijapani?"

Wahudumu wawili walicheka. Mmoja ni wa kwetu, tulilala chumba kimoja kule mtaa wa Naif, vitanda vya juu na chini. Kicheko chake ndicho kilichoniuma.

"Mama yangu anafinyanga vyungu, madam."

"Vyungu," alisema. "Khalas, yamekwisha. Saini hapa."

Nilitia saini barua ya onyo iliyosema nimeharibu mali kwa uzembe. Kuanzia siku hiyo nikapelekwa nyuma kusugua masufuria.

Miezi mitatu baadaye yule mzee mfinyanzi akaja mwenyewe kuonyesha kazi zake kwa wageni. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni na aproni yangu iliyolowa. Alikuwa mdogo wa mwili, mikono mikubwa, kucha zimeingia udongo kabisa, kama za Mama. Madam alimletea ile chupa na kuomba radhi kwamba mfanyakazi aliivunja.

Mzee aliigonga kwa kifundo cha kidole. Akaipeleka kwenye mwanga, akachungulia ule ufa, kisha akacheka na kusema kitu. Mkalimani akatafsiri: "Hakuna aliyeivunja. Huu ni ufa wa moto. Kosa ni langu." Akamwinamia madam.

Madam akatabasamu. "Hata sisi tulishuku hivyo."

Hapo ningesema. Nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Lakini viza yangu ilikuwa inaisha mwezi uliofuata na karatasi za kuirefusha zilikuwa mezani kwa madam. Nikarudi kwenye sinki, nikafungua maji kwa nguvu.

Ile barua haikutolewa kwenye faili langu. Chupa yenyewe iliwekwa kwenye kabati la kioo lenye taa, na kadi mbele yake ikieleza uzuri wa ufa wa moto. Wageni walisimama kuipiga picha. Nikaamriwa niwe nikifuta vumbi la kioo kila asubuhi. Kosa la mzee liliwekewa taa; mimi, ambaye sikukosa, nilibaki na barua.

Jumapili nilimpigia Mama. Nikamweleza yote, nikitaka anihurumie. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nifinyangie chungu kimoja. Kidogo tu. Nitamtuma mtu akichukue."

"Siku hizi sifinyangi."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe ulipomaliza shule. Nilikuambia twende mtoni nikufundishe kuchoma, ukasema huwezi kunuka moshi kama mimi. Ulisema hivyo mbele ya wageni. Walicheka sana siku hiyo, hukumbuki?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata nguo niliyovaa.

"Vile vilivyobaki kuku wananywea maji," alisema. "Huko kazini umekula?"

Nikamwambia nimekula.