Kofia ya Mgeni Haifuliwi

Aliyenisimulia kisa hiki kwa ukamilifu ni Shangazi Zuwena, siku ya hitima ya Bibi. Nilikuwapo kilipotokea, nyumbani kwetu Al Khoudh, Uarabuni, lakini nilipokuwa mtoto nilichokiona ni kichekesho tu.

Baba alikuwa akisomesha chuo kikuu pamoja na Bwana Bakiti, Mkirigizi. Siku ya Idi mgeni huyo alikula kwetu, akasahau kofia yake: ndefu, ya sufu nyeupe iliyogandamizwa, yenye kingo nyeusi. Wenyewe huiita kalpaki. Kwa ndani ilikuwa na doa la jasho. Bibi aliamini kwamba kofia ya mgeni ikirudi kwao chafu, baraka za nyumba huondoka nayo. Akamwamrisha Shangazi aifue kama zetu: maji ya moto, wanga, kisha ivalishwe bakuli lililofudikizwa mpaka ikauke.

Jioni kofia ilikuwa imenywea, haimtoshi hata mtoto.

"Zuwena, umeifanya nini?"

"Ulivyosema, mama. Labda mgeni naye atapungua kichwa."

Watoto tulicheka. Bibi hakucheka.

Bwana Bakiti alipoifuata, Baba alimwahidi kumnunulia nyingine. Mgeni aliipokea kwa mikono miwili. Akaeleza, kwa Kiarabu cha taratibu, kwamba kwao kalpaki haiwekwi chini wala haichezewi, na usiku hulazwa upande wa kichwani, kwani ndiyo heshima ya mwenyewe. Hii ilikuwa ya marehemu baba yake. Akaipeleka puani.

"Alikuwa humu," alisema. Akashukuru kwa chakula cha Idi, akaenda zake.

Bibi naye alikuwa na kofia ya Babu kashani, haijaguswa na maji tangu afe. Wazee wetu husema jasho la marehemu ndiyo salamu yake ya mwisho. Kesho yake aliitoa, akachemsha maji mwenyewe.

"Mama, hiyo ni ya marehemu."

"Nnajua ya nani."

"Yule mtu hatajua."

"Mimi nnajua."

Aliifua mpaka maji yakatoka safi. Baba alimkasirikia, nami kwa miaka mingi niliona ni ukaidi wa kizee. Sasa naona aibu ilikuwa ya nyumba nzima. Tulijua vyema thamani ya jasho la Babu, ila haikutupitikia kwamba mtu mwingine naye ana baba.

Bibi na Baba wametangulia mbele ya haki. Shangazi Zuwena yu hai, na kofia ya mtu haigusi. Bwana Bakiti alirudi kwao. Kama yupo, hatujui.