Mizizi ya Matete

Kwa miaka mingi nilifundisha kemia katika chuo kimoja cha Likasi, mji wa migodi, na miaka hiyo yote wanafunzi wangu walipima maji. Tulikwenda kwenye ziwa lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, tukajaza chupa, tukarudi maabara, tukaandika ripoti. Ripoti zilisema ukweli: ghuba kadhaa zilikuwa na shaba na kobalti kupita kiasi, hasa pale watu walipooshea mawe ya madini kandokando ya maji. Nilizipeleka kwa wakubwa wa serikali. Walizipokea kwa heshima, wakanishukuru, na kesho yake mambo yakaendelea kama jana. Mimi ni mtoto wa fundi wa kiwandani. Nyumbani tulilelewa tukiamini kwamba kazi nzuri hujisemea yenyewe. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba kazi yangu ilikuwa bubu.

Chumba kilichopakana na maabara yangu kilikuwa cha mwenzangu aliyefundisha sheria, wakili wa makamo aliyekuja kazini kwa baiskeli, tai shingoni. Siku moja alinilalamikia kwamba wanafunzi wake wanakariri sheria za maji toka mwanzo hadi mwisho, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kulikanyaga tope la ziwa. Nikamjibu kwamba wangu wamelikanyaga vya kutosha, ila hawajui wamshitakie nani. Tulicheka, kisha tukaanza kupanga. Muhula uliofuata tuliwaweka wote katika darasa moja na kuwapa kazi moja: waandike kanuni ya kulinda ukingo wa ziwa, kanuni ambayo msimamizi wa eneo, mkuu wa serikali wa pale, angeweza kuitia saini.

Wiki za kwanza zilikuwa za ugomvi mtupu. Watu wa kemia waliandika "huenda" na "inaelekea". Watu wa sheria wakayafuta maneno hayo kwa kalamu nyekundu. Mkali kuliko wote alikuwa binti mmoja wa sheria, ambaye mama yake alikausha samaki kwa moshi katika kijiji cha kandokando ya ziwa. Ndiye aliyeuliza swali lililotukwamisha: ukingo unaanzia wapi?

Kijana mmoja wa kemia, mwanafunzi wangu mpole, hodari kuliko wenzake wote maabara, alimweleza kwamba ziwa hupanda na mvua na kushuka milango ya bwawa inapofunguliwa. Mstari haupo.

"Kama mustari haiko, sheria nayo haiko," binti akamwambia. "Muntu atasimama mu shamba yake, atasema, hapa haiko ku ziwa. Weye utamujibu nini?"

Kijana alinigeukia mimi. Nikasema twende tukaangalie wenyewe.

Jumamosi tukapanda taksibasi, darasa zima, tukaenda kijijini kwao binti. Mama yake alitupokea huku akigeuza samaki juu ya moshi. Hakujua ugomvi wetu, ila alipoona tunapima mara hapa mara pale, alituuliza tunatafuta nini. Binti akamweleza. Mama akasema jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa: tanuru yake aliijenga nyuma ya matete ya zamani, kwa sababu hata mwaka ule mbaya wa mvua, maji yalifika kwenye matete yakarudi.

Kijana wangu aliondoka hapo hapo. Nilimwona amepiga magoti pembeni ya matete, anachimba kwa jembe la kuazima. Alipotuita, alikuwa ameshika bonge la udongo mweusi lililosukwa na mizizi minene. Hatua chache upande wa nchi kavu, udongo ulikuwa mwekundu na mizizi ile haikuwapo. Siku hiyo hiyo tukachimba katika vijiji viwili vingine. Kila mahali mpaka ulikuwa wazi namna ile ile.

Jumatatu, kijana na binti walikaa meza moja tangu asubuhi. Saa ya chakula waliniletea sentensi moja: ukingo unaanzia pale mizizi ya matete inapoishia upande wa nchi kavu. Niliisoma mara tatu. Haikuwa na "huenda" hata moja, na bado ilikuwa kweli. Nilikwenda kusimama dirishani ili wasiuone uso wangu.

Kikao cha kuijadili kanuni yetu kilifanyika katika ukumbi wa parokia. Msimamizi alikaa mbele. Wavuvi, wakulima na waosha madini walijaa mabenchi. Mnunuzi mmoja wa madini, mwenye mabeseni mengi ya kuoshea pale ghubani, alikuja na wakili wake kutoka mjini. Wakili huyo alikuwa anajua kazi yake. Alisoma kanuni yetu, akatabasamu, akasema kwamba matete hukatwa kila siku kwa kuezekea na kufuma mikeka. Mtu akiyakata leo, mpaka utahama kesho. Je, serikali itaweka sheria juu ya majani?

Ukumbi ulinung'unika. Msimamizi aliweka kalamu chini. Binti alimgeukia kijana, na yule ambaye hakuwahi kuinua sauti hata darasani akasimama, akatoa kwenye mfuko bonge la udongo wenye mizizi, alilolichimba kwenye ghuba ile ile, na kuliweka mezani, mbele ya msimamizi.

"Matete ya hapa walikata zamani, papa," alimwambia msimamizi, kwa adabu ya mtoto kwa baba. "Mizizi ingali. Minye nilichimba mwenyewe."

Binti hakumpa wakili nafasi ya kuvuta pumzi. "Njo maana tuliandika mizizi. Hatukuandika majani."

Ndipo mama mmoja anayeosha madini akainuka kuuliza, bila hasira, wao wataoshea wapi, maana watoto wanakula kutokana na kazi ile. Lilikuwa swali la haki, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza kwamba wanafunzi walikuwa wamelifikiria kabla yake. Kifungu cha nne kiliwapa mahali juu ya kilima, penye mashimo ya kutuliza maji ili tope lisirudi ziwani. Kijana alikuwa amekokotoa ukubwa wa mashimo. Binti alikuwa ameandika nani atayatunza. Mama akaomba asomewe tena, akasomewa, akakaa akiitikia kwa kichwa. Msimamizi alibadilisha neno moja tu.

Baada ya wiki chache saini ilipatikana. Karatasi rasmi ilikuwa ya Kifaransa, lakini wanafunzi walikuwa wameandika na ya Kiswahili, na padri akaruhusu isomwe baada ya misa. Binti alisoma vifungu vya sheria, kijana akaeleza sababu zake, wakipokezana kama watu walioimba pamoja tangu utotoni. Walipomaliza, vigelegele vilipigwa hadi nje uwanjani. Mwenzangu wa sheria alivua miwani akaifuta kwa tai yake. Mimi nililia waziwazi, kwenye benchi la mbele.

Mvua zilizofuata zilikuta mabeseni yameshahamia kilimani. Kabla hazijaisha, chifu mmoja kutoka sehemu za chini za mto Lufira alifika chuoni kwa pikipiki, viatu vimejaa matope, akauliza lile darasa la watu wanaochimba na kuandika liko mlango gani. Tulimwonyesha milango yote miwili, wa maabara na wa sheria.